Mshale Umelala Sifuri: Kebo ya Spidi Baada ya Kufunga Dashibodi ya Gari la Zamani

Siku niliyofunga dashibodi ya Benzi yangu kwa mara ya kwanza, taa zote ziliwaka, saa ilitembea, geji ya mafuta ikapanda taratibu kama inavyotakiwa. Nikajiona fundi. Nikatoka Tanga kuelekea Segera, na kabla sijamaliza kilomita tano nikaona mshale wa spidi umelala kwenye sifuri kama mtu aliyeshiba ubwabwa. Nikajiambia nitaangalia nikifika. Kabla ya kufika nikapigwa tochi kwenye eneo la 50. Nilipojitetea kwamba spidomita haifanyi kazi, askari akanijibu kwa upole kwamba hilo nalo ni kosa, sasa ni mawili.

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz ya familia ya W123, zile zilizoanza kutoka kiwandani mwaka 1976 na kuendelea mpaka katikati ya miaka ya 80, karibu milioni 2.7 kwa jumla. Ni gari zuri la kujifunzia kwa sababu kebo yake ina karibu kila aina ya ukorofi. Ila mengi nitakayosema yanaihusu pia Beetle, Peugeot 504, Land Rover za Series, Datsun na Corolla za enzi hizo. Zote zinaendesha spidomita kwa waya unaozunguka. Pale zinapoachana nitasema.

Jambo moja liwe kichwani tangu mwanzo: kama spidi ilikuwa ikisoma kabla hujafungua dashibodi, ugonjwa upo pale mkono wako ulipopita. Usikimbilie kununua spidomita nyingine. Mimi nilinunua, na ile ya zamani haikuwa na tatizo lolote.

Kilichomo ndani

Kebo ya spidi ni vitu viwili. Kuna ganda la nje, ambalo halizunguki, na ndani yake kuna waya uliosokotwa tabaka kwa tabaka, wenye ncha za mraba. Ncha ya chini inachukua mzunguko kutoka kwenye gia ndogo mkiani mwa giaboksi. Ncha ya juu inaingia kwenye tundu la mraba nyuma ya spidomita na kuzungusha sumaku. Sumaku hiyo haigusi mshale popote. Inazunguka ndani ya kikombe chepesi cha alumini, na mkondo wa umeme unaozaliwa ndani ya alumini hiyo ndio unaokifanya kikombe kitake kuifuata. Springi laini kama unywele inakizuia. Mshale umeshikwa na kikombe, kwa hiyo kadiri sumaku inavyokwenda kasi ndivyo mshale unavyopanda. Mjerumani Otto Schulze alisajili hataza ya mtambo huu mwaka 1902, na gari langu lililotoka kiwandani miaka 80 baadaye bado linao.

Namba za kilomita zina njia yake. Zinasukumwa na gia za kawaida, jino kwa jino, kutoka kwenye mhimili uleule wa sumaku. Mshale na namba, basi, vinakula sahani moja kwa mikono tofauti, na hapo ndipo utambuzi wote unapoanzia: ukitaka kujua pa kutafuta, angalia kwanza ni kipi kati ya hivyo viwili kimekufa.

Kabla ya kuingiza mkono nyuma ya dashibodi, toa waya wa hasi kwenye betri. Kule nyuma kuna nyaya ambazo hazina urafiki na pete ya ndoa.

Paneli ya geji hairudi mahali pake

Hii ndiyo dalili ya kwanza, na watu huipuuza kwa sababu wanadhani ni suala la nguvu. Kwenye W123 paneli ya geji haina skrubu hata moja kwa mbele. Imekaa kwa kubanwa na mpira unaoizunguka. Ukiitoa unatumia ndoano mbili za waya mgumu (mimi nilikunja spoku za baiskeli), unazipenyeza pembeni kushoto na kulia, unageuza na kuvuta. Kuirudisha ni kuisukuma tu. Ikigoma, ikawa inaingia na kurudi nje kama mlango wenye springi, ujue ni kebo inayoisukuma.

Sababu ni kwamba ulipoitoa paneli uliivuta kebo pamoja nayo, labda sentimita 15 hivi. Sasa hizo sentimita hazina pa kwenda. Ukilazimisha, kebo inajikunja kona kali mara tu inapotoka nyuma ya spidomita, yaani pale pabaya kuliko pote. Mafundi wa spidomita wana vipimo viwili vya zamani ambavyo sijaona vikikosea: kusiwe na kona yenye nusu kipenyo chini ya milimita 150 popote kwenye kebo, na milimita 50 za kwanza kutoka kwenye spidomita ziwe zimenyooka kabisa.

Dawa ni watu wawili. Mmoja anasukuma paneli polepole. Wa pili anaipokea kebo upande wa injini, pale inapopenya ukuta wa mbele kupitia mpira, na kuirudisha chini kwa kiasi kilekile. Avute kwa adabu, akiacha mara tu anapohisi kebo imenyooka. Kama uko peke yako, vuta kidogo, sukuma kidogo, zunguka gari mara kumi. Na hakikisha vishikio vya kebo kule chini vimelegezwa kabla ya kazi hii, kisha virudishwe baada yake. Kebo isiyoshikwa hatimaye itaegemea bomba la moshi, hasa kwenye Land Rover, na plastiki haivumilii bomba la moshi.

Tukiwa hapo nyuma: W123 ina mrija mwembamba wa plastiki unaoleta oili halisi ya injini mpaka kwenye geji ya presha ya oili. Usiutumie kama kamba ya kuvutia paneli. Ukipasuka na injini inaunguruma, oili ya moto itamwagika miguuni pako na kwenye zulia.

Nati haishiki

Kazi ya kufunga nati ya kebo nyuma ya spidomita inafanywa kwa vidole viwili, bila kuona, mkono ukiwa umepinda kama shingo ya korongo. Hapo makosa huwa matatu.

La kwanza, ncha ya mraba haijakutana na tundu lake. Unasukuma, nati inagusa, lakini haifiki kwenye nyuzi zake. Usilazimishe. Shika kebo, zungusha waya wa ndani kidogo kwa kidole, chini ya robo mzunguko, jaribu tena. Mraba una nafasi nne katika kila mzunguko, kwa hiyo hutahangaika sana. Utajua imeingia kwa sababu ganda la nje litasogea mbele ghafla, milimita kadhaa, na kukaa.

La pili, nati imepanda meno. Dawa ya hili ni tabia ya fundi mzee mmoja niliyemwona akifanya hata kwenye kifuniko cha chupa: kabla ya kukaza, zungusha nati kinyume kwanza. Ukisikia kishindo kidogo, meno yameketi sawa. Hapo ndipo uanze kukaza. Nati ikiwa nzito kwenye mzunguko wa kwanza tu, irudishe uanze upya.

La tatu ni plaizi. Nati hii ni ya vidole. Ukiikaza kwa plaizi utaipasua ikiwa ya plastiki, na ikiwa ya chuma utaharibu shingo ya spidomita, ambayo ni laini.

Baadhi ya magari, hasa ya Kijapani ya mwishoni mwa miaka ya 70 na kuendelea, hayana nati. Kebo inabanwa na klipu ya plastiki yenye ulimi. Plastiki ya miaka 40 huvunjika ukiigusa. Ulimi ukivunjika, kebo itaingia na kuonekana imekaa, kisha itarudi nyuma yenyewe baada ya matuta mawili ya barabarani. Nimeona watu wakiifunga kwa waya mwembamba. Inafanya kazi, mradi waya huo usibane ganda mpaka likunjike.

Mshale na namba vyote vimekufa

Hapa mzunguko haufiki kwenye spidomita kabisa. Sehemu za kuangalia ni tatu: juu, katikati, chini. Kipimo kifuatacho kitakuambia ni ipi bila kuingia uvunguni. Ningekijua ile siku ya Segera ningeokoa shilingi 30,000.

Fungua kebo juu. Gari likae chini kwa magurudumu yote manne, liwe halisogei. Shika ncha ya waya wa ndani kwa vidole na uizungushe taratibu. Ikikubali kwa robo au nusu mzunguko kisha ikagoma, na ukiiachia ikarudi yenyewe, kebo ni nzima na imeshikwa chini. Kosa liko juu, yaani hukuiketisha vizuri kwenye spidomita. Ikizunguka tu bila mwisho, waya umekatika au umechomoka kule chini. Fanya kwa upole. Waya umesokotwa kwa mwelekeo maalumu, na ukiukamua kinyume kwa nguvu utaufumua.

Kwa nini utoke chini wakati wewe ulifanya kazi juu? Kwa sababu kwenye kebo nyingi waya wa ndani haukufungwa kwenye ganda. Ulipokuwa ukihangaika nao juu uliuvuta kidogo, na ncha ya chini ikatoka kwenye gia yake. Hili ndilo lililonipata. Dawa ni kuusukuma waya kuelekea chini huku ukiuzungusha, mpaka uhisi umedondoka mahali pake. Kisha rudia kipimo cha kwanza. Angalia pia urefu unaobaki nje: kwenye kebo za Smiths, zilizofungwa kwenye Land Rover na magari mengi ya Uingereza, waya unapaswa kutokeza karibu milimita 10 nje ya ganda. Ukitokeza kidogo sana hautafika kwenye tundu hata kama nati imekaza vizuri.

Ukiuvuta na ukatoka kipande kifupi chenye ncha iliyochanika kama ufagio, umekatika, na hakuna kuunga. Nunua mpya, lakini beba ya zamani dukani upime urefu. Kebo iliyozidi sentimita 20 itakurudisha kwenye tatizo la kona.

Kipimo cha pili ni cha kusukuma. Gia huru, kebo iko wazi juu, mwenzako anasukuma gari mita chache nawe unaangalia ncha. Spidomita nyingi za Kijapani zimepangwa kwa mizunguko 637 kwa kilomita, kwa hiyo utaona mzunguko mmoja kwa kila mita moja na nusu hivi. Kwenye spidomita za VDO, kampuni ya Kijerumani, tafuta herufi W na namba iliyoandikwa kwa maandishi madogo kwenye uso wa spidomita: W=1.0 maana yake ni mzunguko mmoja kwa mita.

Mwenye Beetle asitafute kitu kwenye giaboksi. Kebo yake inapita ndani ya mhimili wa gurudumu la mbele kushoto, na ncha ya mraba inatokeza katikati ya kifuniko cha grisi, ikizuiwa na pini au klipu ndogo. Gurudumu likizunguka mara moja, kebo inazunguka mara moja. Spidi ya Beetle ikifa wiki ileile beringi za mbele zilipotiwa grisi, usiguse dashibodi. Toa kapu la gurudumu, utakuta klipu haipo. Imelala kwenye mchanga wa gereji.

Kimoja kinafanya kazi, kingine hakifanyi

Habari njema: kebo ni nzima. Waache watu waseme.

Mshale unapanda lakini kilomita zimesimama: gia za namba zimekufa. Kwenye spidomita za VDO za W123 ni ugonjwa wa kawaida, gia moja ndogo inalegea kwenye mhimili wake na kuteleza. Inatibika mezani, spidomita ikiwa imetolewa. Kilomita zinahesabu lakini mshale umelala: sumaku inazunguka, ila kikombe au springi ndiyo tatizo. Huenda mshale uliguswa ulipokuwa ukisafisha kioo, ukaingia upande wa pili wa kipini cha sifuri. Zaidi ya hapo mpe mtaalamu. Ile springi ukiipumulia tu inapinda.

Mshale unacheza

Unaenda 30, mshale unaruka 20, 45, 25, kisha ukifika 70 unatulia. Karibu kila mara ni kebo. Waya unabana mahali, unajisokota, unaachia ghafla, na spidomita inasoma kila ruko. Kwenye mwendo mkubwa miruko inakuwa ya haraka mno mshale kuifuata.

Baada ya kufunga dashibodi, mshukiwa wa kwanza ni kona uliyoitengeneza wewe. Rudi kwenye kile kipimo cha milimita 150. Kama njia ya kebo ni safi, chomoa waya wa ndani na uuchunguze. Ulaze juu ya kioo au meza nyoofu, uviringishe kwa kiganja. Waya mzima unaviringika kimya. Uliopinda unarukaruka sehemu moja, na hapo ndipo ugonjwa ulipo. Usijaribu kuunyoosha kwa nyundo, hautanyooka vya kutosha.

Kama haujapinda, huenda umekauka. Ufute kwa petroli kidogo, uache ukauke, upake grisi nyepesi. Watu wanakosea kwa kupaka mwanzo mpaka mwisho. Sentimita 20 za juu ziache bila grisi, kwa sababu waya unaozunguka hupandisha grisi wenyewe mpaka ndani ya spidomita. Grisi ikifika kati ya sumaku na kikombe, inavigandisha pamoja, na utaona mshale ukikimbilia mwisho wa namba hata ukiwa kwenye foleni. Kwa sababu hiyohiyo usinyunyize dawa za kulegeza kutu nyuma ya spidomita, hata jirani akikuapia.

Kelele

Mlio kama kifaranga, unaoongezeka na mwendo. Fungua kebo juu, uendeshe mtaani kwa muda mfupi. Mlio ukiisha, ni bushi ya spidomita imekauka: tone moja la oili ya cherehani, moja tu, kwa ncha ya sindano. Ukiendelea, ni kebo yenyewe.

Oili kwenye ganda la juu

Ulipofungua kebo ulikuta majimaji mekundu? Hayo ni mafuta ya giaboksi ya otomatiki. Sili ya kule chini imechoka, na waya unayapandisha kama pampu ya parafujo. Badilisha sili kwanza, kisha osha waya na ganda. Ukiosha bila kubadilisha sili, baada ya miezi michache yatafika kwenye uso wa spidomita na kuacha doa lisilotoka.

Inasoma, ila inadanganya

Ukibadilisha spidomita kwa ya gari jingine, linganisha ile namba ya W, au kwa Smiths ile namba ndogo ya mizunguko kwa maili. Zisipolingana itadanganya kwa kiwango kilekile siku zote. Matairi ya saizi nyingine hufanya hivyohivyo.

Ukitaka kupima spidomita ikiwa mezani, drili yenye kasi inayorekebishika inatosha, kwa sababu hesabu ni rahisi: 60 kwa saa ni kilomita moja kwa dakika. Kwa hiyo spidomita ya W=1.0 isome 60 kwenye mizunguko 1,000 kwa dakika, na ya Kijapani isome 60 kwenye 637. Anza polepole, na mshale ukisukumwa kinyume, geuza mwelekeo wa drili mara moja.

Mimi sikutumia drili. Niliporudi Tanga nilifungua paneli, nikaudondosha waya mahali pake, nikafanya kile kipimo cha vidole mara mbili, kisha nikaendesha gari nje ya uzio paneli ikiwa bado imening'inia nusu nje, ili nisilazimike kuitoa tena. Mshale ukapanda. Nikaufananisha na simu: simu ikisema 76, wenyewe unasema 80. Nimeuacha hivyohivyo, maana kwenye eneo la 50 kosa la upande huo linanifaa.